Miwani Iliyofutwa kwa Penseli

Vsevolod Nikanorovich Shelestov alikuwa mtu wa kunusa kila kitu kabla hajakionja, na ukijua alikotoka humlaumu sana. Baba yake alichochea makaa kwenye treni kule Vyatka. Mwana alifika chuo cha muziki cha Leningrad na viatu vya kaka yake, na tangu siku hiyo aliamini kuna watu wamekaa mahali wakingoja kumrudisha kwao. Alianza na michezo ya kuchekesha, akawaongozea muziki wacheza baleti miaka sita, mwishowe akawa mwongoza okestra mkuu wa jumba la opera la mji wetu, hapa kando ya Volga. Miaka ishirini na sita alisimama pale, na kila akimaliza kazi aliifungia fimbo yake ya kuongozea kwenye mtoto wa meza, kana kwamba kuna mtu angeiba kijiti.

Jumamosi moja ya Februari mkurugenzi, Gennady Savvich, alimwita ofisini, akafunga mlango, akamsukumia karatasi. Ilikuwa barua isiyo na jina, ya mwandiko wa mkono, iliyopelekwa kamati ya chama ya mji. Ilisema kwamba mwongoza okestra hasikii tena filimbi, na apimwe masikio kabla ya onyesho jipya la Machi.

"Nani huyu?" akauliza Shelestov.

"Wanamuziki wale ni watu wako, unawajua wewe. Niletee jina Jumanne, nimtimue, tuwaambie kamati ni majungu tu. Usiponiletea, Vsevolod Nikanorovich, itabidi uende kwa daktari."

Kwa daktari hakutaka hata kupita nje. Filimbi? Wapiga filimbi wa siku hizi ni wavivu, wanapuliza kama wanapoza uji. Hilo alikuwa akilisema mwenyewe tangu mwaka juzi, tena kwa sauti kubwa. Lakini kiti chake ndicho kilichokuwa kinatikiswa, na bila kiti kile hakuwa na mahali pengine pa kusimama duniani.

Siku ya pili, kabla ya onyesho, alikuta wanamuziki wanne wamesimama ukumbini. Walipomwona wakanyamaza. Machale yakamcheza.

"Mlikuwa mnasema nini?"

"Samaki, Vsevolod Nikanorovich," akajibu Chubarov, mpiga zumari, mtu wa mzaha asiyejua kufunga mdomo. "Mke wangu kabahatisha sangara sokoni. Wana miiba kuliko mama mkwe."

"Samaki hawanyamaziwi, Chubarov."

Akampata mtu wake. Chubarov alilala chumba kimoja na mke, watoto watatu na huyo mama mkwe, na jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya nyumba za wafanyakazi. Akifukuzwa, nyumba imeota mbawa. Shelestov alilijua hilo vizuri, na sioni haya kusema kwamba lilimpendeza.

Jumatatu jumba hufungwa. Akachukua ufunguo, akaingia chumba cha nota, na barua mfukoni, ili alinganishe mwandiko. Wanamuziki huandika kwa penseli kwenye nota zao: hapa vuta pumzi, hapa polepole. Na pale ambapo ni lazima uache karatasi umtazame mwongozaji, huchora miwani midogo.

Kwenye nota za Chubarov miwani yote ilikuwa imekatwa kwa mstari. Kando yake pameandikwa: *Mtazame Rimma.*

Moyo ukamwenda mbio kwa furaha: kamshika. Akafungua nota za baragumu ili aone tofauti. Miwani imekatwa. *Rimma.* Akafungua za fidla, za ngoma, za filimbi zenyewe. Kila mtu na mwandiko wake, na hakuna hata mmoja uliofanana na ule wa barua. Akaketi sakafuni katikati ya karatasi, mtu mzima wa miaka sitini na moja, na aibu ikamchoma hadi masikioni.

Rimma Osipovna, mpiga fidla wa kwanza, anayekaa mbele ya wote, aliishi nyuma ya jumba. Alimfungulia mlango akiwa na aproni, akamtazama usoni, akamwekea chai bila kuuliza kitu.

"Tangu lini?" akauliza Shelestov.

"Msimu wa juzi. Ulikuwa unaingoja filimbi iliyokwisha kupita."

"Na barua kaandika nani?"

"Barua gani?"

Akamsomea. Alimchunguza macho, mikono, hata anavyokoroga sukari. Hakuona uongo, na bado hakuamini.

"Mmoja wenu kanichimba, Rimma. Mnataka niondoke."

"Tungetaka uondoke, tungeifuata fimbo yako badala ya kunitazama mimi. Jioni moja tu ingetosha."

Shelestov akaikunja barua, akairudisha mfukoni. Chai ikapoa mbele yake.

Jumanne mkurugenzi alikuwa na kalamu tayari. "Haya, jina. Nasikia Chubarov ana mdomo mrefu."

"Chubarov mwacheni, na nyumba yake mpeni. Sina jina. Kilichoandikwa ni kweli."

Gennady Savvich akaweka kalamu chini. Akasimama, akaenda dirishani, akasema kitu kirefu huku akiutazama mto ulioganda.

"Nigeukie unaposema, Gennady Savvich," akasema Shelestov. "Sisikii."