Mayai Yaliyokataa Kuanguliwa

Nilipoacha kazi ya fundi umeme katika hoteli moja ya Diani, niliondoka na friji mbovu. Meneja alitaka itupwe. Mimi nikaipakia kwenye tuktuk, mlango wake ukining'inia nje, tukaenda nayo polepole hadi kwangu, nyuma ya Ukunda. Niliing'oa mashine ya baridi, nikafunga balbu nne, feni ndogo na themostati ya kudhibiti joto, nikaweka karai la maji chini. Friji iliyokuwa ikihifadhi samaki wa wageni ikaanza kuangua vifaranga.

Watu waliniletea mayai kutoka kila upande. Niliandika jina la mwenyewe juu ya kila yai kwa penseli, nikayageuza asubuhi, mchana na jioni. Mke wangu alisema sijawahi kumshughulikia mtoto wetu yeyote kwa bidii ile, na alikuwa akisema kweli.

Mteja wangu wa kwanza wa kudumu alikuwa mama mmoja wa Kidigo, mtu mzima, aliyeishi na mumewe katika kiwanja kilicho nyuma ya majumba ya kifahari ya ufuoni. Alifuga kuku wa kienyeji na bata. Siku ya kwanza nilimpokea kwa heshima zote.

"Shikamoo mama. Haya ndiyo mayai ya kuku yako?"

"Marahaba. Kuku wako, mwanangu. Kuku si nyumba."

Mimi ni mtu wa bara, na Kiswahili changu kilinyooshwa na mama huyo, trei kwa trei.

Mayai ya bata huchukua wiki moja zaidi ya yale ya kuku, kwa hiyo niliyatanguliza ili wote watoke pamoja. Bata walitoka karibu wote, wakapiga kelele ndani ya friji mpaka nikaifungua kwa huruma. Kuku, kati ya trei nzima, walitoka wanne, na wawili kati yao hawakufika jioni. Nikamwambia ni bahati mbaya. Tukarudia. Mara ya pili walitoka watatu.

Hapo ndipo alipokuja na leso amejifunga kiunoni.

"Nieleze," alisema, akiwa bado mlangoni. "Bata wangu wanamiminika kama abiria wa feri. Kuku wa watu wengine, humo humo, wanatoka. Kuku wangu mimi hawatoki. Basi mayai yangu yanakwenda wapi?"

"Mama, unasema nimeyabadilisha?"

"Mimi nimeuliza swali. Jibu ni lako."

Nilikasirika, na nilipokasirika Kiswahili kilinitoroka, nikaanza kuongea kama kondakta. Kisha nikakumbuka kwamba mayai yasiyoanguliwa nilikuwa bado nayo kwenye ndoo, yakiwa na jina lake. Nikamvutia kigoda. "Keti, mama. Tuyavunje pamoja."

Tuliyavunja moja moja. Vifaranga walikuwemo, wamekamilika, na manyoya yao. Lakini shingo zilikuwa zimevimba kwa maji, na midomo ya baadhi yao ilikuwa imepishana, wa juu huku na wa chini kule, kama mkasi uliolegea. Mama alifunika mdomo kwa pembe ya leso.

"Subhanallah," alisema. Baada ya mayai sita hivi aliniambia, "Niwie radhi. Mtu hawezi kuiba yai akamwacha kifaranga wa namna hii ndani."

Tukawa washirika wa kutafuta kosa. Lawama ya kwanza ilimwangukia jogoo. Mama alisema damu yake ni mbaya, na siku mbili baadaye tulimla kwa wali wa nazi. Alikuwa mtamu sana. Dada yake mama aliyeko Waa akaleta jogoo mpya, mwekundu, mwenye majivuno. Tukasubiri, tukaweka mayai upya, na matokeo yakawa yale yale. Yule wa kwanza alikuwa ameliwa bure.

Wakati huo binti mmoja wa chuo kikuu alikuwa amepanga chumba jirani nasi. Kazi yake ilikuwa kuchunguza ndege wa pwani na sumu zinazoingia katika mayai yao. Nilikuwa nimekwenda kumtengenezea soketi, na katika mazungumzo nikamsimulia habari za vifaranga wenye midomo iliyopishana. Aliacha kikombe chake cha chai.

"Hao kuku wanachakura wapi?" aliuliza.

"Uani kwao."

"Nipeleke nikaone."

Tulikwenda siku iliyofuata. Mama alitukaribisha kwa madafu, na mumewe, mzee mcheshi aliyependa kuongea, niliyemfahamu tangu alipokuwa akija hotelini kutafuta vyuma chakavu, akatuonyesha kiwanja. Kwenye kona palikuwa na rundo la jivu jeusi, pana kama mkeka. Kuku walikuwa ndani yake wakijipigapiga vumbi kwa raha. Bata walikuwa wamelala juu yake. Mzee alieleza kwamba hapo ndipo anapochomea nyaya za umeme, plastiki iungue, ibaki shaba ya kuuza.

Niliinama nikaokota kipande cha waya ambacho hakikuungua vizuri. Kilikuwa kimefungwa utepe mwekundu. Utepe ule niliufunga mimi. Hoteli ilipobadilisha nyaya zake zote, mizigo ya waya wa zamani nilimpa mzee huyu kwa mikono yangu, nikijiona nimefanya wema. Nilikitia kile kipande mfukoni.

Binti alisema, kwa upole, kwamba plastiki ya nyaya ikichomwa hivi hutoa sumu iitwayo dioksini, inakaa kwenye jivu na udongo, kuku wanaila wakichakura, na inaingia kwenye mafuta ya yai.

Mzee alicheka. "Mwanangu, ungekuwa moshi wangu, bata wangekufa kwanza. Si unawaona? Wamelifanya kitanda!"

Nilidhani amemshinda. Binti akanigeukia mimi. "Fundi, plagi ikiingia vizuri kwenye soketi, umeme unapita. Ikilegea je?"

"Unapita kidogo, au haupiti."

"Basi mwilini mwa kila ndege kuna soketi ambayo sumu hii hujichomeka. Ya kuku inaikamata barabara. Ya bata ina tofauti ndogo mno ya umbo, plagi inachezacheza. Bata mzinga yuko katikati. Shakwe wa baharini yuko karibu na bata. Kuku ndiye mwepesi wa kudhurika kuliko karibu wote."

Mama alishusha pumzi. "Alhamdulillahi. Basi bata ni salama, tule bata."

"Hapana, mama," binti alisema. "Sumu haimdhuru sana bata, lakini anayo. Yai lake linaweza kuwa nayo sawa na la kuku. Kuku ametuambia. Bata amenyamaza."

Uso wa mama ulibadilika. Wajukuu wake walikuwa wakila mayai yale ya bata kila asubuhi, kwa sababu bata ndio walioonekana wazima. Aliuliza, kwa sauti ndogo, kama soketi ya binadamu ni ya kuku au ya bata. Binti alijibu kwamba mtu hadhuriki upesi kama kuku, lakini sumu hukaa mwilini miaka mingi, na hakuna sababu ya kuendelea kuiongeza. Alisema pia kwamba bila kupima maabara hawezi kuapa; anakisia kutokana na alichokiona.

Mzee alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa akiitazama mikono yake. Hapo nilishindwa kuvumilia, nikatoa kile kipande cha waya.

"Mzee, hizi nyaya nilikupa mimi. Nimefanya kazi ya umeme miaka yote hii, na najua moshi wake unavyokaba koo. Sikukwambia chochote."

Alikichukua, akakigeuza. "Uliniletea riziki," alisema. "Moto niliwasha mwenyewe." Kisha akasema, "Hebu twendeni tutafute sepetu."

Tulifanya kazi siku tatu. Tulilichota jivu lote pamoja na udongo wa chini yake, binti akatufunga vitambaa puani, tukalifukia katika shimo refu lililozibwa kwa saruji, mbali na kisima. Kuku wachanga walipelekwa Waa kwa dada yake mama, wakalelewa katika udongo mwingine. Mayai ya uani hayakuliwa tena.

Miezi mingi baadaye, mama aliniletea trei ya mayai kutoka Waa. Siku ya ishirini na moja alifika mapema, akaketi mbele ya friji akiwa na tasbihi. Walitoka ishirini na sita. Alimshika kila mmoja na kumkagua mdomo kwa kidole, kama daktari wa meno, na wa mwisho akanipa nimshike mimi.

Siku hizi mzee huzichuna nyaya kwa kisu, akilalamikia kidole gumba. Bata wamezungushiwa ua, wamenenepa, hawaliwi. Jirani fulani wa bara huuliza kila Krismasi kwa nini bata wazuri vile wanazeeka bure, naye mama humjibu bila kutabasamu kwamba wako kwenye matibabu.