Ligi Iliyookolewa na Sinia

Wasomaji wangu, Jumatatu ya wiki iliyopita nilikuwa Ukunda, mkono mmoja una hamri na wa pili una simu, nilipopata habari kwamba bawabu aliyetuanzishia ligi amefariki dunia. Aliugua kifua kwa muda mfupi, akaenda kupumzika kwao upande wa Kinango, na huko ndiko Mwenyezi Mungu alikomchukulia. Muuza mbaazi aliponiona machozi yananitoka aliniuliza kama pilipili imezidi. Nilimwambia imezidi, tena imezidi ya Kwale nzima, maana sikuwa na nguvu ya kueleza zaidi.

Tulijuana kwenye ngumbaru, mimi na yeye tukiwa wakubwa kuliko wanafunzi wote na pengine kuliko jengo lenyewe, tumekunjana kwenye madawati ya watoto hata magoti yakakaribia masikio. Mchana alilinda lango la jumba moja la kifahari kule Diani, na jioni alikuja darasani moja kwa moja, filimbi ya kazi bado i shingoni. Siku moja mwalimu alitusomea habari za msimu wa kwanza wa ligi ya mpira kule Uingereza, enzi za mababu. Kabla ya hapo timu zilikuwa zikialikana tu. Leo mmekubaliana, kesho wenzenu wamepata mwaliko mtamu zaidi, hawaji, na watu wameshajaa uwanjani. Basi mtu mmoja alichoka, akawaandikia wenzake kwamba iwepo ratiba, kila timu icheze na kila timu, nyumbani na ugenini. Wakakubali, na msimu ukaanza hata kabla hawajaafikiana pointi zitahesabiwaje. Hilo walilimaliza huko huko njiani. Rafiki yangu aliinua mkono akauliza, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, hao Wazungu walikuwa wa Kwale?"

Darasa lilicheka mpaka taa ikayumba, lakini yeye hakuwa anatania. Huku kwetu nako mpira ulikuwa wa kualikana. Kijiji kinawaita wenzao, kinapika, kinachora mistari kwa majivu, halafu wageni hawatokei kwa sababu kuna arusi, au kuna maulidi, au kipa amepata kibarua hotelini. Wakitokea wamekodi wachezaji wa Ukunda ambao hawajui hata msikiti wa kijiji wanachokichezea uko wapi. Bawabu wetu alipanda baiskeli, akapita Mwabungo, Galu, Gazi, Msambweni, mpaka akavuka kwenda Funzi, naye alikuwa mtu ambaye maji yakimfika vifundoni anaanza kusali. Walimuuliza kombe liko wapi, akasema litakuja. Walimuuliza sheria ziko wapi, akasema nazo zitakuja. Alichowaomba ni kimoja tu, msimu ukianza uishe, kwa maana huu wa kwanza ukikatika hakuna atakayetuamini tena mpaka Kiyama.

Nao ulikaribia kukatika, tena kwa sababu ya pilau. Funzi walikuja kwetu Mwabungo kwa mechi ya alasiri, wakafika adhuhuri. Sasa niambie, mtu ametoka kisiwani, amevuka maji, amepanda gari, utamwambia asubiri chakula mpaka mpira uishe? Mama zetu hawakulelewa hivyo. Wageni walikirimiwa pilau, kachumbari, kuku, tende, halafu wakaongezwa pilau kwa kusihiwa: kula baba, mbona huli, au hukupenda mkono wangu? Walipoingia uwanjani beki wao wa kati alikuwa akigeuka kama lori la mchanga. Tuliwafunga mabao ambayo ningeyataja mngesema naongeza chumvi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na siku hiyo mwenyeji alipona kupita kiasi. Wenzetu walirudi kwao wakilalamika kwamba tuliwalemeza kwa makusudi, kwamba ule haukuwa ukarimu bali mbinu, na kwamba zamu yao inakuja.

Zamu ilipofika, vijana wetu walikula kiapo cha kutokula. Tuliteremka Funzi tukapokewa kwa bashasha, shikamoo na marahaba, mikeka imeshatandikwa, masinia ya wali wa nazi na samaki wa kupaka yanafuka. Vijana wakaketi, mikono wakaifumbata mapajani. Mwenye kufahamu adabu za pwani anajua kuwa hapo bora umtukane mtu kuliko kukikataa chakula chake. Nahodha wa Funzi alisema kwa sauti ya chini kwamba wasiokula kwao hawachezi kwao, na wetu akajibu kwamba sawa, mashua ipo. Nilimtazama bawabu, ambaye ndiye alikuwa mwamuzi wa siku hiyo. Ile ilikuwa ligi yake yote, imekaa mkekani inapoa.

Ndipo mama aliyesimamia jiko alipotokeza na upawa wake, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Wanangu, chakula changu hakina timu."

Bawabu alivua kofia. "Umesema kweli, mama. Basi timu zote mbili ziketi. Wenyeji na wageni, sinia moja, tena mchanganyike. Atakayeinuka mwepesi sitampulizia filimbi."

Wakaketi. Mshambuliaji wetu alijikuta bega kwa bega na yule beki wa kati, ambaye alimmegea kipande kinono cha samaki akimwambia kula ndugu yangu, leo tulemewe pamoja. Mechi iliyofuata ilikuwa ya polepole mno. Nimewahi kuona jamvi likikauka kwa kasi zaidi. Ilikwisha sare bila bao, na hakuna aliyepigwa teke la makusudi, kwani ni vigumu kumvunja mguu mtu ambaye bado unasikia utamu wa nazi yake mdomoni. Msimu ulikwisha. Hadi leo, katika ligi hii, timu hazishuki uwanjani kabla ya kula sinia moja, na vijana wanaotoka mbali kuja kutafuta kazi za hoteli hucheka wakiona hivyo kwa mara ya kwanza. Msimu wa pili wao ndio wanaogombania nafasi mkekani.

Huwa nasikia watu wakisema kwamba pwani yetu inabadilika, kwamba majumba yameufunga ufuo na majirani hawajuani. Inabadilika, sibishi. Lakini nimeona kanuni mpya ikizaliwa hapa hapa, kati ya mtu wa Kinango na mama wa Funzi, na haikumwondolea yeyote desturi yake.

Tulimzika Alhamisi. Watu wa visiwani walipanda mpaka huko juu kukavu, wakachukua zamu za sepetu pamoja na wenyeji. Baada ya maziko manahodha walimwendea mjane wake, wakamwambia kwamba kwa heshima ya marehemu wameazimia kuahirisha mechi za Jumamosi. Alijifuta uso kwa ncha ya leso, akawauliza, "Mmeshamzika leo. Mnataka kumzika tena Jumamosi?"

Tulicheza. Tulifungwa, na sijawahi kufurahia kufungwa namna ile. Jambo jema, wasomaji wangu, halingoji likamilike ndipo lianze. Linamhitaji mtu asiyekubali likatike, na baada yake, watu wa kumpokea.