Mshale Uliokaa Katikati

Nilinunua gari la michezo, jekundu, la milango miwili, lililotumika kwanza Japani na watu ambao bila shaka walikuwa na barabara. Liko chini kiasi kwamba tuta la kwanza pale Mfaranyaki lilikwangua tumbo lake lote. Baba yangu, aliyeendesha malori maisha yake yote, alilizunguka mara moja akauliza mbolea itakaa wapi. Nikamwambia hili si gari la mbolea.

"Naona," akasema. "Hata la watu silo."

Akaapa hatalipanda. Kisha dada yangu akapata mchumba wa Mbinga, harusi ikapangwa hukohuko, na baba ndiye wa kumkabidhi kwa bwana harusi mlangoni mwa kanisa, saa nne asubuhi. Nikamwomba nimpeleke mimi. Akakubali, kwa sharti kwamba gari lipone kwanza, maana kila likipanda mlima mshale wa geji ya joto ulikimbilia kwenye wekundu.

Fundi wangu wa gari, wa mtaa wa Majengo, kama mafundi wetu wote, ana dawa moja ya gari linalochemsha: kung'oa themostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto. "Bosi, hiki ni cha nchi za baridi," akanieleza, akakitupa. Alikuwa amevaa makoti mawili na meno yanagongana. Ilikuwa Juni, hapa Songea.

Kuanzia siku hiyo mshale ulilala chini kabisa, kwa kuwa kwenye safari fupi za mjini injini ilikuwa haipati joto. Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini. Mimi, msomi wa familia, nilitangaza kwamba geji imekufa, nikamrudia fundi mara tatu.

"Kaka, wewe unataka nini hasa?"

"Nataka mshale ukae katikati, kama kwenye magari ya watu."

"Basi utakaa."

Na ukakaa. Asubuhi, mchana, mlimani, mteremkoni, katikati kama mwenyekiti wa kikao. Nilimsifu yule fundi mbele za watu, Mungu anisamehe.

Siku ya harusi tuliondoka saa moja. Mama na dada walikuwa wametangulia tangu jana yake. Baba alikuwa ndani ya suti yake, magoti karibu na kidevu. Kwenye kilima cha tatu akanusa hewa.

"Geji inasemaje?"

"Katikati, baba."

Tukapanda kingine. "Na sasa?"

"Haijatikisika hata kidogo."

"Mimi sijawahi kuona geji isiyotikisika. Simama."

Sikusimama. Nilimwambia, kwa sauti ya mtu mvumilivu, kwamba magari ya siku hizi si kama malori yake. Mbele kidogo boneti ikafuka mvuke, injini ikagonga mara mbili, ikazima. Mshale ulikuwa palepale katikati.

Niliinama chini ya dashibodi. Waya wa geji ulikuwa umekatwa, na mahali pake kimefungwa kipande kilichonyofolewa kwenye redio mbovu, kazi yake kuushikilia mshale usiende popote. Rejeta yenyewe, inayopoza maji ya injini, iliyojaa kutu na ndiyo ugonjwa tangu mwanzo, haikuguswa. Fundi alinitendea nilichomwagiza, neno kwa neno.

Saa tatu ilikuwa imepita. Likatokea lori tupu lililokuwa linarudi upande wa Mbinga kupakia makaa ya mawe. Baba akainua mkono, na lori likasimama.

"Shikamoo, mzee," dereva akasema. "Nafasi ni ya mmoja tu."

"Marahaba, mwanangu. Mmoja anatosha."

Akapanda, akanyoosha miguu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Hakunigombeza. Alisema tu kupitia dirishani, "Baki na geji yako." Afadhali angenitukana.

Nilikaa pale mpaka alasiri nikisubiri gari la kunivuta, nimevaa tai. Niliona aibu, na niliumia, nisiseme uongo. Gari angeweza kuniuzia yeyote, lakini kuambiwa "simama" na baba, dereva wa miaka yote, nikakataa, hilo nililifanya mwenyewe.

Picha ya harusi iko ukutani kwa mama. Dada anacheka, ameshika mkono wa baba, na begani mwa koti la mzee kuna alama nyeusi ya makaa ambayo hakuna aliyepata muda wa kuifuta. Shangazi wapo, wajomba wapo, hata dereva wa lori yupo pembeni ameshika soda. Mimi simo.