Mwanajeshi Aliyekataa Kushambulia

Juma lililopita nilikuwa mtaani Jabe, kwenye duka la kompyuta ambako watu wazima wameurudia kwa hamu mchezo mmoja wa zamani, ule wa kujenga mji, kukusanya chakula na kutuma majeshi. Mwanajeshi mmoja aliyekuwa mapumzikoni alikuwa akicheza na fundi wa magari. Fundi alishajaza askari mpakani. Mwanajeshi alikuwa na mashamba tu.

"Afande, unangoja nini? Tuma basoda bashambulie," fundi akamwambia.

"Apana. Vita niko nayo ku kazi. Hapa mi nalima."

Tukacheka. Mara bunduki zikalia upande wa Kanyosha. Mwenye duka akapunguza sauti ya kompyuta apate kujua zipi ni za kweli. Mwanajeshi akainuka taratibu, akavaa kofia.

"Usichome mashamba yangu," akamwambia fundi. "Ntarudi."

Fundi akauhifadhi mchezo ulivyo, akakataa kucheza na mwingine. Kesho yake mchana mwanajeshi akaingia, buti zimejaa matope, akakuta hakuna hata shina lililoguswa.

Mikataba ya kusimamisha mapigano nimeisikia mingi redioni. Huo ndio wa kwanza niliouona ukiheshimiwa.