Mibuni Katika Shamba la Mama

Kaka yangu alimkata mume wangu vidole mchana kweupe, mimi nikiwa nyuma yao nimejitwisha mtungi wa maji. Mtungi ulipasuka. Sikumbuki kama niliutupa au uliniponyoka.

Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume akioa huja kulima kwa wakwe, na akipanda mahindi au maharage hakuna anayemsumbua. Mti ni habari nyingine. Anayepanda mti unaodumu anajiwekea dai, na akifa ndugu zake watakuja kulidai.

Mume wangu alilijua hilo. Lakini alikuwa amekata mkonge Ngerengere ujana wake wote, akarudi na tamaa moja tu, kahawa. Akaenda kwa mjomba wangu, mkuu wa ukoo wetu, akaomba kwa adabu. Mjomba akakubali kwa mdomo wake, mbele yangu, na mume wangu akaliamini neno lile. Alichukua miche misheni, akaipanda kwenye kivuli cha migomba, akawa anaiamkia kila asubuhi kabla hajanisemesha mimi. Niliionea wivu mibuni ile, sifichi.

Ilipoanza kuzaa, serikali ya Mwingereza ikaleta matuta ya lazima, ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Waliokataa kuchimba walikamatwa. Uvumi ukazagaa kwamba shamba lenye matuta litakuwa mali ya anayelilima, na milima ikachafuka: mawe yalirushwa, watu walipigwa virungu. Mjomba hakuwa na la kuifanya serikali, akaikumbuka kahawa ya mkwe wake na kuagiza ikatwe.

"Ruhusa gani niliyotoa?" aliniuliza nilipomfuata. "Wewe mtoto, usinitie maneno mdomoni."

Akamtuma kaka yangu na panga. Mume wangu alisimama mbele ya mbuni wa kwanza, mkono ameunyoosha.

"Shemeji, tuongee kwanza," alisema.

Panga likashuka. Vidole viwili vilianguka kwenye majani makavu, damu ikaruka mpaka kwenye kanga yangu. Nilimrukia kaka yangu, nikamng'ata sikio, akanipiga teke la tumbo, nikamwinukia tena. Majirani walitutenganisha nikiwa nimeshaokota jiwe. Nasema wazi, nilitaka afe.

Misheni walimfunga mkono. Nilimwambia mume wangu tuteremke Morogoro mjini tukapange chumba, tuwaachie wauaji shamba lao. Kidonda kilipoanza kukauka, aliwaita mjomba na kaka yangu shambani, akashika panga kwa mkono wa kushoto, akaiangusha mibuni yake yote ikiwa na matunda mabichi. Nilimtukana. Nilimwita mwoga mbele ya watu, naye akaendelea kukata.

Alipomaliza alimkabidhi kaka yangu panga lile, mpini mbele, akamgeuzia mgongo na kuinama kukusanya matawi. Kaka yangu alikitazama kisogo chake. Kisha akaliegemeza panga kwenye mgomba, akainama naye kuyakusanya.

Jioni nilimuuliza mume wangu kwa nini amefanya vile.

"Kahawa sijui kama nitaipanda tena," alisema. "Lakini wewe, bila shamba la mama yako, ungekuwa mgeni wa nani huko mjini?"

Nililia kwa hasira, kwa sababu alisema kweli na kwa sababu nilimpenda.

Kiangazi kilichofuata waliezeka nyumba yetu pamoja. Mume wangu alikuwa juu, ameshikilia boriti kwa vidole vitatu. Kaka yangu alikuwa chini, ameishika ngazi isiteleze. Walikuwa wakitaniana na kucheka. Mimi nilikaa mlangoni, ugali wao unapoa, na sikuyatoa macho yangu kwenye mikono ya kaka yangu mpaka mume wangu alipokanyaga chini.