Nilivyokwenda Lindi Kushindana na Gramafoni ya Jirani

Nianze kwa kukiri ujinga wangu mwenyewe kabla majirani hawajaniwahi: nilisafiri hadi Lindi, nikarudi na santuri nne mpya, nami nyumbani sina gramafoni. Aliye nayo ni jirani yangu, Mzee Mkwanda, fundi cherehani, na ndiye niliyeondoka Kivinje kwa nia ya kumkomesha.

Chanzo ni sahani. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ikienda na vitumbua, itarudi walau na ndimu mbili. Mzee Mkwanda amefiwa na mkewe na hajui hata kuchemsha muhogo, kwa hiyo sahani zetu alikuwa akizirudisha kwa aibu. Hadi Mzungu mmoja wa shamba la mkonge, aliyekuwa akirudi kwao, alipomwachia gramafoni. Tangu siku hiyo, mke wangu Zuhura akimpelekea vitumbua asubuhi, alasiri fundi hufungua dirisha, hugeuza pembe la gramafoni kuelekea ua wetu, akatia ufunguo. Hutoka fidla moja, kisha fidla nyingi pamoja, wala hakuna anayeimba hata neno. Zuhura huacha kupepeta mchele.

"Unasikiliza nini pasipo maneno?" nilimuuliza siku moja.

"Nasikiliza pale inapotaka kulia," akasema, "halafu isilie."

Miaka tisa ya ndoa, hajapata kuuweka ungo chini kwa ajili ya maneno yangu, nami maneno ninayo mengi. Isitoshe, vitumbua kwenye sahani yangu vilikuwa vikipungua. Nikatangaza kwamba nakwenda Lindi kununua gramafoni kubwa kuliko ya fundi.

"Wewe?" Zuhura akanitazama. "Uliyerudi kutoka Masoko siku ileile kwa sababu mto wao wa kulalia mgumu?"

Kwa hiyo safari hii niliondoka na mto wangu.

Alfajiri, Kivinje. Nilipanda lori la chumvi, nikakaa juu ya magunia, mto kifuani. Fundi alikuwa kizingitini kwake akipiga mswaki. Alinitakia safari njema kwa upole ulioniudhi hadi tulipofika njia panda.

Kiranjeranje tulisimama kupoza injini. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchoma alinitazama mimi, akautazama na mto.

"Mwanangu, unakwenda matangani?"

"La, mama. Nakwenda kununua gramafoni."

"Mbona uso wa msiba?"

Nikamweleza yote, maana nikiulizwa kidogo hujibu kingi. Fundi, dirisha, ungo, vitumbua. Alisikiliza huku akigeuza mihogo yake.

"Kumbe mwanamume mzima unalionea wivu sanduku," akasema. "Kula, mwanangu. Labda ni njaa."

Mto Mbwemkuru ulikuwa umepungua. Tulishuka, tukavuka kwa miguu nyuma ya lori, mimi nimejitwika mto wangu kama mwali anayehamia kwa mumewe. Katikati ya maji niligundua kwamba naufuatisha puani wimbo wa fundi. Nikanyamaza. Ng'ambo nikajikuta naufuatisha tena.

Lindi tuliingia jua likielekea magharibi. Mwenyeji wangu, Athumani, tuliyesoma naye sekondari, ni karani bandarini. Alinipeleka dukani kabla sijanawa vumbi. Mwenye duka akasema gramafoni zimekwisha, hadi meli ijayo, na meli ijayo itafika lini hajui hata yeye. Santuri tu ndizo zilizobaki.

"Usihuzunike," Athumani akaniambia. "Kesho nitakuonyesha kitu kinacholia bila ufunguo."

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, tukaenda kwa mkubwa wake wa kazi, Mgoa mmoja mnene, Mhindi wa Goa. Tulimkuta barazani na fulana yake, fidla kidevuni, jasho linamtoka. Sikuwahi kuiona fidla kwa macho. Nilidhani ni kitu kikubwa, kumbe ni kidogo kama kuku aliyekwisha kunyonyolewa. Alipiga kipande kimoja, akakirudia, akakirudia tena.

"Amekosea?" nikamnong'oneza Athumani.

"Hapana. Anakitafuta."

Mara ya nane au ya tisa sauti ilipanda, ikasita, nikasikia pale alipopasema Zuhura: ilitaka kulia, isilie. Ningependa kuandika kwamba nilifurahi, lakini kilichotangulia ni wivu, na safari hii haukuwa wa vitumbua. Miezi yote ile mke wangu alipajua mahali hapa, na fundi alipajua pamoja naye, ukuta mmoja kati yao. Nami nilikuwa katika ua huohuo, nikiongea juu ya bei ya mafuta ya taa.

Asubuhi iliyofuata Mgoa alinichagulia santuri nne dukani.

"Na gramafoni unayo?" akauliza.

"Iko Kivinje," nikasema, na sikusema uongo.

Kurudi nilizifunga santuri ndani ya mto wangu, nikazipakata njia nzima. Magunia yaliniumiza mbavu. Kiranjeranje yule mama aliuona mto, akauliza kama nimejaliwa mtoto.

Kivinje tena. Zuhura alizitazama santuri, akatazama nyuma yangu kama kuna kingine kinachofuata.

"Gramafoni iko wapi?"

"Kwa fundi," nikasema.

Hakucheka. Alichukua sahani, akazipanga santuri juu yake, akanikabidhi. "Sahani hii leo ipeleke wewe. Kisha uje ukae hapa." Akagonga mkeka kando ya ungo wake.

Tangu tupakane sikuwahi kubisha hodi mlango ule. Nilibisha, nikaamkia shikamoo, fundi akaitika marahaba, akazipokea santuri kwa mikono miwili. Nilichojifunza Lindi, kwamba kuna mambo husikika kwa kunyamaza tu, nilitaka kumweleza papo hapo. Nikaanza na lori, nikaingia Kiranjeranje, na nilikuwa sijavuka mto fundi aliponikatiza:

"Bwana Hemedi, nenda kakae na mkeo, na mdomo uufunge, muziki ulikuwa malipo ya vitumbua vyake, lakini pembe nililigeuza kwenu ili nisikusikie wewe."