Kisahani cha Bega la Mariam Poni

Mariam Poni alizaliwa mdogo na akabaki mdogo. Pale barazani karibu na soko la Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, alipokuwa akisukia nywele, wageni walimdhani mtoto mpaka ageuke wamwone uso. Hakujali. Mikono yake ilikuwa na sifa kuliko kimo chake, na wasichana walipanda boda kutoka Oraba kuja kusukwa naye.

Kisha bega la kulia likaanza kumtesa. Lilikuwa limeteguka utotoni, wakati wa vita, katika zile mbio za kukimbilia Kongo, likarudishwa kwa kuvutwavutwa tu, na halikupata kukaa sawa. Uzee ulipoanza kubisha hodi, mkono ukagoma kupanda kupita kifua.

Uchungu wenyewe ulikuwa Shamim, binti yake wa pekee, aliyekwisha kuchumbiwa. Kichwa cha Shamim hakijapata kusukwa na mtu mwingine. Mariam alikuwa ameapa kumsuka mwenyewe siku ya ndoa, na kwa ajili ya kiapo hicho akaenda Arua kwa daktari wa mifupa, Asiku.

Asiku aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga. "Mama, bega iko kama mpira juu ya kisahani. Kisahani yako imelika. Tunaweza kuweka ya chuma, lakini hii tuko nayo walitengenezea watu wakubwa. Yako iko kidogo sana, chuma itatokea nje na skrubu itakosa pa kushika. Nitaagiza ingine. Tutakupigia simu."

Katika maneno yote hayo, Mariam alirudi nyumbani na moja tu: kidogo. Na kwetu, jamani, kitu kidogo dawa yake ni chakula. Ndama hulishwa, mtoto hulishwa, mbona mfupa ukae na njaa?

"Dada, wewe kula tu," jirani yake Medina alimwambia. "Mfupa nayo inakula."

Akala. Ugali wa muhogo na mchuzi wa simsim, supu ya kwato, parachichi hata bila hamu. Mashavu yakajaa, magauni yakabana, majirani wakamsifu. Masikini, alikuwa na furaha.

Nesi akapiga simu kutoka Arua. "Mama, daktari anakuita. Kuja."

"Nitakuja, sista. Bado kidogo."

Nesi alidhani ni woga wa kisu, maana wengi wanao, hakumbana. Akapiga tena baadaye, akajibiwa vilevile. Kila asubuhi Mariam alilipapasa bega kwa mkono wa kushoto na kuona halijakomaa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema waliotutangulia. Yake ilikuwa inamtafuna begani, naye hana habari.

Harusi ilipokaribia akajipeleka mwenyewe, amevaa kitenge kipya. "Daktari, angalia, nimekuwa mukubwa! Sasa chuma itatosha."

Asiku hakucheka. Alimpiga picha nyingine, akaitazama kwa muda, kisha akavuta kiti karibu naye.

"Mama, nyama inanenepa. Mfupa ya mutu mzima haikui. Chuma kidogo ilifika zamani, ndiyo maana tulikuwa tunakuita. Sasa kisahani imelika mpaka imekuwa kama ganda ya yai. Skrubu haina pa kushika tena."

"Lakini nilikula, daktari," Mariam alisema. "Nilikula sana."

Asubuhi ya ndoa Shamim alikaa kwenye mkeka, akalaza kichwa kwenye paja la mama yake ili mkono usihangaike kupanda. Mariam akasuka mstari wa kwanza kisogoni, safi kama zamani. Wa pili ulimtoa jasho. Alipofika juu ya sikio mkono ukakataa kabisa, na machozi yakamdondokea binti shingoni. Shamim hakusogea.

"Medina, shika wewe," Mariam akamwambia jirani yake aliyekuwa ameketi karibu.

Akahamia pembeni, akaanza kuchambua nywele na kumpitishia Medina fungu baada ya fungu, kazi wanayopewa wasichana wanaojifunza, mpaka kichwa cha mwanawe kikaisha.